Nyumba na Viwanja Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekulia Mabatini, nikawa saidia fundi, na sasa kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Maswali haya huulizwa mezani kwangu, ndani ya daladala, hata msibani mtu akishajua ninafanya nini. Nimeyaacha kama yanavyoulizwa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Kwa nini watu wanajenga juu ya mawe wakati tambarare zipo?

Tambarare iliisha mapema. Wajerumani walipoweka boma lao hapa mwaka 1892 walikuwa wanatafuta mahali pa kutia nanga, hawakuwa na mpango wa mji mkubwa. Reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928, pamba ya Usukumani ikapata njia ya kwenda pwani, na ardhi sawa iliyokuwapo ikagawanywa: stesheni, bandari, maghala, ofisi, maduka. Capri Point na Isamilo wakajikalia wakubwa, na hadi leo ukitaja mitaa hiyo mtu anajua unazungumzia nini. Mbeba mizigo wa mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inaposhusha, hana nauli ya kila siku. Anataka alale mahali ambapo akiamka anatembea hadi kazini. Akiangalia huku na huku, kilichobaki ni mlima. Ndivyo Mabatini, Igogo na sehemu kubwa ya Pamba zilivyopanda juu.

Miaka ya tisini viwanda vya minofu ya sangara vikaleta wimbi jingine. Na watu hawajaacha kuja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 363,452 Nyamagana na 343,001 Ilemela. Ya 2022 ikakuta 594,834 na 509,687. Hao ni karibu watu laki nne zaidi ndani ya miaka kumi, katika wilaya mbili ambazo nusu ya sura yake ni majabali.

Jabali si ndio msingi bora? Kwa nini nisijenge moja kwa moja?

Inategemea ni jabali au ni jiwe. Hapa ndipo mafundi wageni wanapokosea, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Milima yetu ni ya matale. Yamechakaa kwa mvua na jua kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kufikiri, udongo uliokuwa katikati ukachukuliwa na maji, mawe yakabaki yamekaliana, moja juu ya jingine. Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga, linalopigwa picha na kila mgeni, ni mfano tu wa kilichoko nyuma ya nyumba za watu. Kuna jabali mama ambalo limeingia ardhini na haliendi popote. Hilo lisafishe, lichimbe vishimo, simamisha nondo, mwaga zege, utalala usingizi. Halafu kuna jiwe la kukaa. Kwa macho ni kubwa kama basi, lakini chini yake kuna udongo, na udongo huo mvua za Novemba zikija unalainika.

Namna ya kutofautisha ni kazi ya jembe, si ya macho. Chimba pembeni yake. Ukikuta linaendelea kushuka na kupanuka, vizuri. Ukikuta tumbo lake linarudi ndani kama chungu, hilo ni la kukaa. Usilijengee juu, na usilijengee chini. Nimeona watu wanaweka ukuta wa chumba cha watoto ukigusa jiwe la namna hiyo ili wapunguze tofali za upande mmoja. Hesabu hiyo siielewi.

Jambo la pili ni maji. Mlimani mvua hainywewi na ardhi, inateleza. Ukikata mteremko ili upate uwanja, maji yaliyokuwa yanapita hapo miaka yote yatapita hapo tena, sasa yakiwa ndani ya nyumba. Anza na mtaro na ukuta wa mawe wa kuzuia udongo upande wa juu, uuachie matundu ya kutolea maji, ndipo uje kwenye nyumba. Wateja wengi wananiambia mtaro watauweka "tukishahamia". Wakishahamia pesa imekwisha.

Gharama za kujenga mlimani zikoje ukilinganisha na sehemu sawa?

Mawe unayo, hilo ndilo punguzo lako pekee. Saruji, mchanga, bati na maji vyote vinapanda kwa kichwa. Gari linaishia barabarani, na kutoka hapo kila mfuko unalipiwa kulingana na urefu wa kupanda. Vijana wa mtaani wana bei zao na hawabishaniwi. Ndoo ya maji ya kuchanganyia zege ina bei yake pia. Mteja wangu mmoja wa Igogo alipiga hesabu za tofali na bati kama mtu wa Buswelu kwenye ardhi sawa, akakwama kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, nyumba ikabaki pagale kwa misimu mitatu ya mvua. Ukipiga hesabu, andika mstari mzima wa kubeba, usiuchanganye na wa fundi.

Mawe yenyewe yanapasuliwaje?

Kwa moto. Wanawasha kuni au matairi makuukuu juu ya jiwe, likishapata joto la kutosha linapasuka kwa matabaka, wengine humwagia maji, kisha nyundo na kabari zinamaliza. Vipande vinakuwa mawe ya msingi, vidogo vinakwenda kwa akina mama wanaogonga kokoto kwa nyundo chini ya mwavuli. Moshi wa matairi ni sumu na majirani wana haki ya kulalamika. Kuni zinafanya kazi ileile kwa kuchelewa kidogo. Na kabla ya kuwasha, uliza jiwe hilo limeegemewa na nini. Ukipasua la chini, la juu linatafuta pa kwenda.

Choo kinachimbwa wapi kama chini ni mwamba?

Hakichimbwi, kinajengwa. Karo, yaani tangi la maji taka, inainuliwa kwa tofali na zege juu ya mwamba, na nyumba inapandishwa ili maji taka yashuke. Tatizo ni kuitoa ikijaa: gari la maji taka halifiki. Zamani, tuseme ukweli, watu walisubiri mvua kubwa wakafungulia, na aliyekaa chini akajua. Mto Mirongo unaopita katikati ya mji ndio uliopokea yote hayo, na kutoka hapo ziwani.

Kilichobadilika ni mtandao rahisi wa maji taka uliowekwa na MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kwenye milima kama Mabatini, Igogo na Kilimahewa: mabomba membamba, chemba ndogo, yanazunguka mawe badala ya kuyakata. Kama kiwanja unachokitazama kiko kwenye mtaa wenye mabomba hayo, uliza chemba ya karibu iko wapi. Kwangu hilo linaongeza thamani ya nyumba kuliko kuiona Capri Point kutoka dirishani.

Yale maghorofa ya zamani mjini, yenye duka chini na roshani juu, ni ya nani?

Mengi yalijengwa na wafanyabiashara wa asili ya Kihindi enzi za Mwingereza. Tembea Rwagasore, Nkrumah au Liberty asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, ndipo utayaona: baraza iliyofunikwa ili mteja asinyeshewe, duka refu linaloingia ndani, ngazi ya pembeni, familia juu, uwani nyuma. Kuta nene, dari ndefu, madirisha yanayotazamana. Ndani hakuna joto hata saa nane mchana, na hakuna feni. Sisi tunaochora nyumba za leo tungepaswa kupelekwa pale kama wanafunzi.

Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja zikachukuliwa na serikali chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lenyewe lipo tangu 1962. Ndiyo maana ukiuliza mwenye duka mkongwe wa mjini nyumba ni ya nani, mara nyingi atakujibu "ya Shirika". Kwa hiyo anayekuuzia "duka" katika jengo la namna hiyo huenda anakuuzia upangaji wake tu, kwa maneno mengine kilemba. Uliza mkataba ni wa jina la nani kabla hujatoa hata mia.

Huku Mnara wa Saa ukiwa karibu, soma kibao chake: kinasema Speke, mpelelezi Mwingereza, aliona maji ya ziwa kutoka kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Wasukuma waliokuwa wakilivua samaki siku hiyo hawakupewa kibao.

Mimi nataka nyumba ya paa la kuficha kama zile za mtandaoni. Unashauri?

Sishauri, lakini nachora. Ni mteja anayelala humo.

Paa la kuficha linataka ukuta upande juu kuzunguka bati, mlalo wa bati uwe mdogo, na maji yote yakusanywe kwenye mfereji wa ndani. Kwenye mji ambao mvua ya ziwani inaweza kuja na upepo usiku na kumwaga kwa saa moja maji ya wiki nzima, mfereji huo ukizibwa na majani ya mwembe mmoja tu, maji hayana pa kwenda ila darini. Nimeitwa kwenye nyumba tatu za aina hiyo mwaka huu, na zote tatu fundi alisema "tutaweka silikoni". Paa la mgongo lenye upenu mrefu ni la kizee, nakubali, lakini ukuta haulowi na dirisha linabaki wazi mvua ikinyesha.

Hali kadhalika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, ile tuliyokulia wengi, vyumba vitatu huku na vitatu huku, jiko na choo uwani. Watu wanaidharau. Hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wa mji huu kwa kodi za wapangaji. Siku hizi wateja wanataka vyumba vya kupangisha viwe "self", kila kimoja na choo chake, na wana haki. Ila karo uichore mara mbili ya ile unayoifikiria.

Naweza kununua kiwanja kinachogusa ziwa?

Unaweza kuuziwa. Kujenga ni habari nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kiwanja cha mita thelathini kwa arobaini kilicho mdomoni mwa maji, hata kiwe na maua, kisheria ni mahali pa kuanikia nyavu.

Wenzetu waliona sheria kama maneno mpaka ziwa lenyewe liliposoma kifungu. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango ambacho wazee walikuwa wanakikumbuka mwaka 1964, na 2024 yakarudi tena juu. Bustani, fensi, vibanda vya kuchomea samaki, vyote vikaingia majini. Yalipopungua wenye viwanja wakarudisha fensi kule kule. Ukienda kutazama ufukwe wa Luchelele, Igombe au Kayenze, usiangalie maji yalipo leo; tafuta mstari wa takataka na matete makavu, au umuulize mzee anayekaa hapo maji yalifika wapi. Pima mita zako kuanzia hapo.

Mji unaelekea wapi? Ninunue Buhongwa, Kiseke, Kisesa au Usagara?

Kila dalali atakwambia upande wake. Mimi nitakuambia ninachokiona.

Ilemela, tangu iwe manispaa yenyewe mwaka 2012, imepima maeneo mengi. Buswelu na Kiseke zina mitaa iliyonyooka, jambo geni kwa mtu wa Mabatini, ninapotea humo mpaka leo. Kusini, Buhongwa imeshajaa kando ya barabara ya Shinyanga na sasa watu wanasogea Usagara. Huko kuna sababu mbili kubwa: Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025 na kuwaondolea watu wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko. Na reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka inayopita upande wa Fela. Mashariki ni Igoma, kisha Kisesa.

Kitu kimoja wanunuzi hawakiulizi: Kisesa iko wilaya ya Magu na Usagara iko Misungwi. Ofisi ya ardhi ya jiji haihusiki huko. Na sehemu ya ardhi ya pembezoni bado ni ardhi ya kijiji, inayoongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Mzee akikuuzia ekari yake ya mihogo na mwenyekiti akapiga muhuri, hujamaliza. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Omba kuona muhtasari wa mkutano huo. Ukiambiwa "hilo tutalishughulikia sisi", kunywa maji yako, shukuru, ondoka.

Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa inatosha?

Nami niliamini inatosha. Nilinunua kiwanja changu cha kwanza kwa karatasi ya namna hiyo: muuzaji, mashahidi wanne, muhuri, picha, soda. Baada ya miezi mitano nikakuta mwenzangu ameshusha mchanga. Alikuwa na karatasi kama yangu, muhuri uleule, tarehe ya kabla yangu. Hatukugombana, tulikaa juu ya mchanga wake tukacheka kwa uchungu. Muuzaji alishahama. Kiwanja kilikuwa chake, mimi nikapoteza pesa na mwaka wa kuzungushana kwenye ofisi.

Karatasi ya mtaa inathibitisha kuwa watu walikutana. Haithibitishi kuwa kiwanja ni cha muuzaji. Kama eneo limepimwa, chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi, lipia upekuzi rasmi: utaambiwa jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama. Kisha nenda na mpima ahakiki vigingi, maana jina linaweza kuwa sahihi na ukaonyeshwa kiwanja cha jirani. Hati yenyewe itakuwa ya muda maalumu, miaka 33, 66 au 99, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma chini ya Rais. Angalia imebaki mingapi na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa.

Kama halijapimwa, ndipo ulale hapo. Simaanishi siku moja. Nenda asubuhi, nenda jioni, salimia majirani wa pande zote nne kwa "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, na uwaulize wewe mwenyewe, bila dalali, hilo shamba ni la nani na waliorithi ni wangapi. Majirani hawana asilimia kwenye mauzo.

Na mwenzi wa muuzaji awepo, asaini. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimruhusu mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. "Mke wangu yuko safari" ni sentensi ya kukufanya usubiri arudi.

Kupanga je? Dalali anachukua nini?

Kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja, na wengi wanadai kitu kidogo cha kukuonyesha. Wenye nyumba wanataka miezi sita, wengine mwaka. Kabla hujalipa, fungua bomba, kaa kimya dakika mbili usikilize jirani kuna baa au kanisa, na uliza mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, mnatumia wangapi.

Kwa nini umeme wangu unakatwa kodi ya jengo wakati mimi ni mpangaji?

Kwa sababu tangu 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU. Sasa ni shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, yaani 1,500 kwa mwezi, na kwa ghorofa mijini ni 90,000 kwa kila sakafu. Kodi ni ya mwenye nyumba. Weka risiti, mdai au mkatane kwenye pango.

Nyumba ina alama ya X lakini bei ni nzuri sana.

Bei ni nzuri kwa sababu ya X, alama ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Barabara kuu zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Beba futi, pima mwenyewe.

Mlimani tutabomolewa?

Swali hili nimelisikia tangu nina miaka saba. Kinachoendelea kwa sasa ni urasimishaji: mtaa unachorewa ramani, njia zinaachwa, viwanja vinapimwa kama vilivyo na wenyewe wanalipia hati. Mtaa wako ukifikiwa, shiriki na uwepo siku ya kupima, hata ukose kazi. Ugomvi mwingi niliouona unatokana na mtu kuwakilishwa na shemeji. Nyumba zilizo kwenye mkondo wa maji au chini ya mawe ya kukaa hazitapata hati, na hapo siwezi kukutetea.

Ile mijusi yenye kichwa chekundu na mwili wa bluu inaharibu ukuta?

Hapana. Inaota jua na kula wadudu. Wataalamu wanaiita *Agama mwanzae*, kwa jina la mji wetu. Hao wekundu ni madume, majike ni ya kahawia ndiyo maana huyaoni. Mwenye kuleta shida ni pimbi, akizoea kulala kati ya jabali na ukuta wako mkojo wake hautoki kwa chokaa. Ziba mwanya huo kwa mawe na zege siku unayopaua, mafundi wakiwa bado saiti.